Mashimo ya Sekenke: shajara ya mradi, Julai 2024 hadi Januari 2025

13 Julai 2024

Tumeanza. Tuko saba. Vifaa: kamba ya katani ya mita 40 yenye fundo kila mita, kopo la rangi nyekundu ya mafuta, brashi mbili, mapanga, fimbo ndefu ya kugongea ukingo, na simu yangu ambayo kioo kimepasuka lakini bado inaonyesha mahali ulipo bila kukosea. Kazi ni kuyahesabu mashimo ya zamani yaliyo upande wetu wa kijiji. Kila moja lipewe namba, lipimwe, kisha lizungushiwe minyaa kabla mvua hazijachanganya. Hatuchimbi kitu. Nayaandika haya mapema kwa sababu toka asubuhi nimeulizwa mara sita tunachimba nini.

Kwa asiyepajua: Sekenke iko wilaya ya Iramba, mkoa wa Singida. Abiria wa basi la Mwanza wanapafahamu kwa mlima, ule ambao malori hushuka yakinguruma kwa gia ndogo huku utingo ameshika gogo mkononi. Ukiwa juu, mbuga ya Wembere imelala chini yako kama mkeka. Wasichokijua wengi ni kwamba mgodi wa kwanza wa dhahabu wa enzi za Mjerumani ulikuwa hapa, na ulianza uzalishaji 1909. Baada ya Mjerumani akaja Mwingereza, naye akachimba. Baada ya makampuni tumebaki sisi, wachimbaji wadogo na wakulima wa alizeti, mara nyingi mtu huyohuyo kwa misimu tofauti.

Kisa cha mradi ni mtamba. Mwezi wa tano, nyasi zikiwa bado ndefu, mtamba wa jirani alitumbukia kwenye shimo ambalo hakuna aliyekumbuka lipo. Kijana wa miaka 14 akajifunga kamba amfuate. Baba yake mdogo, mtu aliyekulia kwenye maduara, yaani mashimo ya wachimbaji wadogo, akamshika mkono, akashusha kwanza koroboi iliyowaka. Ikazimika haijashuka hata mita tano. Chini hakukuwa na hewa. Mtamba akaachwa humohumo, na watu walimsikia mpaka jioni.

Leo tumepata mashimo 9. La mtamba ndilo namba 1.

27 Julai

Tumefika 31. Nilidhani yote yangefika ishirini.

Tumeanza kuyajua kwa sura. Ya kampuni ni ya pembe nne, kuta zimenyooka kama zimekatwa kwa kisu, na juu baadhi yana mzunguko wa mawe yaliyojengewa saruji. Hayo ndiyo marefu. Mawili kamba yetu yote ya mita 40 iliishia hewani, na jiwe tulilodondosha lilichukua muda hadi mwenzetu mmoja akasema, "Hili limekataa kufika." Maduara ya wachimbaji wadogo ni ya mviringo, upana wa mtu na viwiko vyake, na mara nyingi yamechimbwa mawili mawili ili yakutane chini hewa ipite. Aina ya tatu ndiyo inayonitisha. Hilo si shimo kwa macho: ni ardhi iliyobonyea kama sinia, majani yameota, mbuzi wanalala. Chini yake watu walifuata mwamba zamani wakaacha uwazi, na dari inaanza kuchoka. Fimbo ukiigonga pale inalia kama ngoma. Hatukanyagi. Tunapima kutoka pembeni na kuandika "sinia" kwenye daftari.

Sheria tuliyokubaliana: hakuna anayeshuka. Hata kama simu imedondoka. (Sheria hiyo imetungwa kwa ajili ya mtu mmoja ambaye sitamtaja, na simu yake iko namba 22.)

Shimo moja tumelikuta na kazi tayari. Ni choo, limejengewa banda zuri la matofali, na mwenye nyumba anajisifu kwamba babu yake alihamia pale kwa sababu ya lile shimo, halijajaa mpaka leo wala halitajaa. Tumempa namba 27 naye akaomba iandikwe nje ya mlango.

8 Agosti, Nane Nane

Sikukuu, kazi imelala. Nilikwenda kumsalimia bibi mmoja ambaye kila mtu alinielekeza kwake nilipouliza habari za mgodi. Nilipiga shikamoo, nikapewa kigoda na uji wa uwele, na kwa muda wa saa nzima hatukugusa habari za mgodi hata kidogo. Tuliongea habari za kuku. Nilipokaribia kuaga akaingia ndani akatoka na kopo la maziwa ya unga, akamwaga sarafu tatu kwenye kanga.

Mbili zina tundu katikati, zilizokuwa zikivaliwa shingoni na mama yake. Ya tatu haina tundu, ni ya shaba ya njano, nzito, imechorwa taji, mwaka 1916 na herufi T. Hiyo T ni Tabora.

Nilikuwa nimesoma habari zake lakini sikuwa nimeishika. Vita ya kwanza ya dunia ilipoanza, manowari za Waingereza zikaifunga pwani, na fedha kutoka Ujerumani ikawa haifiki. Wajerumani wakachapa noti zao hapahapa, watu wakazidharau. Mwaka 1916 wakaigeuza karakana ya reli kule Tabora kuwa kiwanda cha sarafu. Shaba ilitoka kwenye chakavu chochote kilichopatikana, yakiwemo maganda ya makombora, na humo zikatoka heller za aina ya hii ya bibi. Sote tunajua neno hilo lilikoishia: ndiyo hela yetu ya leo, hela ya sabuni, hela ya karo.

Dhahabu ilitoka Sekenke. Kwa dhahabu hiyo wakagonga sarafu za rupia 15, sawa na maki 20 za kwao, upande mmoja tai wa Kaisari na upande wa pili tembo aliyeinua mkonga, milima nyuma yake. Ziligongwa kama 16,000. Septemba mwaka huohuo Wabelgiji wakaingia Tabora, mchezo ukaisha.

Nilipiga hesabu nyuma ya daftari la mashimo. Sarafu moja ina gramu 7 na kidogo, robo tatu yake dhahabu safi. Zote kwa pamoja ni kilo themanini na kitu. Mpagazi wa zama hizo alibeba ratili 60, sawa na kilo 27. Kwa hiyo dhahabu yote iliyopigwa chapa ya tembo ingetosha vichwa vya wapagazi watatu, na wa nne angebeba kifurushi. Upande wa pili wa hesabu: kodi ya kibanda ilikuwa rupia 3 kwa mwaka. Sarafu moja ni kodi ya kaya moja kwa miaka mitano.

Bibi hajawahi kuiona ya tembo. Mama yake pia hakuwahi. Baba wa mama yake alifanya kazi mgodini, na alilipwa hizi zenye tundu. Nilimwambia kwamba za tembo leo huuzwa minadani Ulaya kwa maelfu ya dola moja moja. Akazirudisha zake kwenye kopo, akanipa mayai sita nikamsalimie mama yangu.

31 Agosti

Moto umepita upande wa magharibi, sijui nani kauwasha, na kwa kweli umetusaidia. Nyasi zilipoungua, mashimo 19 mapya yamejitokeza ndani ya eneo ambalo Julai tuliandika kwamba limekwisha. Jumla 56. Nimejifunza: kazi hii hufanywa baada ya moto, au usijisumbue.

Namba 38 limetugawa. Ni shafti ya kampuni iliyojaa maji hadi mita sita kutoka juu. Kuanzia Septemba, visima vikishuka, akina mama wa kitongoji kile huteka pale. Ukingo wake wa saruji umeng'oka upande mmoja. Vijana walitaka tulizungushie kama mengine. Mama mmoja akaweka ndoo chini akatuuliza, kwa adabu kabisa, kama minyaa yetu itakuwa inatoa maji.

Tumekaa chini ya mkwaju mpaka saa nane. Tulichoafikiana: 38 halifungwi, linajengewa ukingo wa mawe unaofika kiunoni na kapi ya kuvutia ndoo, na maji yakapimwe. Juu ya shafti hiyo, hatua kama mia mbili, kuna kilima cha marudio ya zamani, ule mchanga uliobaki baada ya mawe kusagwa na dhahabu kuchenjuliwa. Watu wazima wote pale wanajua zebaki ni nini, ile sumu ya kukamatia dhahabu. Hakuna aliyetaka kulitamka hilo neno karibu na ndoo.

Sampuli mbili za chupa zimepelekwa. Gharama imetoka kwenye mfuko wa rangi.

14 Septemba

Wageni. Watu wanne na gari aina ya Noah, mmoja amevaa koti joto lote hili. Wamefikia kwa mtu na wana mashine ya kutambua chuma pamoja na karatasi iliyokunjwa mara nyingi, ambayo haifunuliwi mbele ya watu. Wanatafuta mali ya Mjerumani.

Nitasema ninavyoliona jambo hili, maana kila kijiji chenye jengo la Mjerumani au mti mkubwa kina hadithi yake. Mjerumani alikimbia, hakuweza kubeba, akazika, akaweka alama ya mshale kwenye jiwe. Ndani mna sanduku. Juu ya sanduku mna nyoka, au kifo, au gesi. Anayetaka kulifungua alete kondoo mweusi na laki kadhaa za mganga. Nimewauliza wazee wanne na kila mmoja ana sanduku lake mahali tofauti. Hesabu yangu ya wapagazi watatu sijaona inamsaidia mtu. Wananiambia: ndiyo, hizo ndizo alizoandika.

28 Septemba

Siku mbaya, na kosa ni letu.

Tulikwenda kukagua namba 17 tukakuta pembeni yake, hatua tatu, shimo jipya. Udongo bado mbichi, kina kama kimo cha watu wawili, manyoya ya kondoo yametapakaa. Mwenye Noah na wenzake walikuwa wameondoka usiku. Jirani ndiye aliyetueleza: wageni waliona jiwe lenye alama nyekundu, nambari 17 na mshale unaoelekea shimo, wakasema ndiyo yenyewe, imeandikwa kwenye ramani.

Mshale niliuchora mimi. Niliuchora ili mtu ajue hatari iko upande gani.

Tulicheka, kisha tukanyamaza, kwa sababu shimo lenyewe lipo juu ya sinia na wale watu wangeweza kwenda nalo chini wote wanne na kondoo wao. Tumekwangua mishale yote, 56, kwa siku mbili. Namba zinabaki, ila sasa zinaandikwa juu ya vipande vya bati vyenye fuvu la kichwa na maneno HATARI SHIMO. Fundi amekata bati kuukuu, hakudai.

Shimo jipya limepewa namba 57. Nimebishana na nafsi yangu kama ni haki kuliweka kwenye orodha ya mashimo ya kihistoria, nikaona mtoto anayetumbukia haulizi mwaka.

6 Oktoba

Vibao vitano vimeibiwa. Viwili vimeonekana kwenye paa la banda la kuku. Kuku wako salama, hatari inajulikana.

12 Oktoba

Watu wapo kwenye uandikishaji wa wapiga kura wa serikali za mitaa, tumefanya kazi wanne. Kukata minyaa.

Tumechagua minyaa kwa sababu haina gharama, mbuzi haili, ukame haiogopi, na ikishika miaka miwili ng'ombe hapenyi. Waya wa miiba ungeibiwa kabla jua halijazama. Vipande tunavikata urefu wa mkono, tunaviacha kivulini siku kadhaa jeraha likauke, ndipo vinapandwa. Ukikipanda kibichi kinaoza.

Ubaya wake ni utomvu. Mwenzetu alijifuta jasho kwa mkono uliokuwa umeshika tawi, na ndani ya dakika kumi jicho lilikuwa limefunga na yeye analia kama mtoto. Tulimwagia maji safi mfululizo nusu saa, kisha pikipiki hadi zahanati. Ameona tena siku ya pili, ukungu ukaisha ya nne. Kuanzia leo hakuna anayekata bila miwani, hata kama ni ile ya jua ya elfu tatu. Tuna picha ya watu wanne porini wamevaa miwani ya urembo na mapanga mkononi, na nimekatazwa kuionyesha.

2 Novemba

Mawingu yamesimama Wembere siku tatu na jana yamemwaga. Tunapanda.

Kipimo: mita tatu kutoka ukingoni, kwa sababu ukingo wenyewe si wa kuaminiwa. Kwenye masinia tunaongeza hadi mita saba. Vipande viwili kwa kila hatua, safu mbili zinazopishana. Shimo moja la kawaida linakula vipande 80 hadi 100. Kwa mashimo yote inatisha kuhesabu, hivyo hatuhesabu, tunaanza na yaliyo karibu na njia ya shule.

Wachimbaji wa leo walikuja kutuuliza kama tunafunga na maduara yao. Hapana. Duara lenye mtu na leseni si letu. Tulichowaomba ni kitu kimoja: likikauka wasiliache wazi wakahamia kwingine, walirudishie kifusi chake. Mmoja, mwenye duara la mita 30 na karasha, mashine ya kusagia mawe, lake mwenyewe, alinijibu bila hasira: kifusi cha leo ni mawe ya kesho. Dhahabu ikipanda bei, mawe aliyoyatupa babu yanasagwa na mjukuu. Akifukia amezika akiba yake. Sikuwa na jibu. Amekubali kuweka magogo juu.

30 Novemba

Uchaguzi umepita Jumatano. Tuna mwenyekiti mpya wa kijiji, na mradi aliouidhinisha mwenyekiti aliyetoka unaelezwa upya tangu mwanzo. Nimeeleza. Ameuliza tunachimba nini.

Tulikwenda naye namba 1, tukashusha koroboi mbele yake. Ilizimika palepale ilipozimika Mei. Hakuuliza tena, na siku ya mkutano mkuu wa kijiji aliusimulia mkutano habari ya koroboi vizuri kuliko ambavyo ningeweza mimi. Mkutano umepitisha kwamba kila kaya iliyo karibu na shimo iwe mlezi wa uzio wake. Mwenye choo namba 27 alisimama akasema yeye alishaanza toka kwa babu yake.

21 Desemba

Majibu ya maji hayajarudi. Ni wiki ya kumi na sita. Nimepiga simu, nikaambiwa mashine, nikaambiwa mtaalamu yuko safari, nikaambiwa nilete sampuli nyingine kwa kuwa zile zimekaa mno. Ukingo wa mawe wa namba 38 umekamilika, kapi inafanya kazi, na hilo lenyewe linanisumbua: tumefanya iwe rahisi zaidi kuteka maji tusiyoyajua. Nimekwenda kuwaambia akina mama hivyo hivyo, bila kuzungusha. Wakasema kwa sasa ni ya kufulia na mifugo, ya kunywa wanakwenda mbali. Yule mama wa ndoo akaongeza kwamba mwaka jana hawakuulizwa na mtu.

Mvua kubwa ya juzi imefungua mfereji kwenye kilima cha marudio, mchanga wa kijivu umetiririka hadi nusu ya njia ya shafti. Tumeweka mawe na kupanda mkonge kukata njia ya maji. Ni kazi ya siku moja kwa tatizo la miaka mia.

18 Januari 2025

Hali ilivyo leo. Mashimo 61 kwenye daftari. Yenye uzio 34, na minyaa imeshika 29. Matano imeoza, tulipanda mibichi tukiwa na haraka. Masinia manane, yote yana safu. Moja limeshuka nusu mita usiku wa tarehe 9, ndani ya uzio wake, hakuna aliyekuwepo. Sampuli za pili za maji zimeondoka Jumatatu kwa mkono wa mtu anayekwenda mwenyewe na ameambiwa asirudi bila karatasi.

Bibi wa sarafu alinituma mjukuu wake nikamwone. Alikuwa ameketi na lile kopo. Ameshakubali nizipige picha, kwa sharti kwamba nisiseme nyumba ni ipi, kwa sababu akina Noah wanasoma. Nimepiga picha ile yenye T kwenye kiganja chake. Kisha akaniuliza namba ya shimo alilofanyia kazi baba wa mama yake. Alinielekeza kwa mti na jiwe, tukaenda polepole na mjukuu akimshika mkono. Ni 44, la pembe nne, mita 40 na zaidi. Minyaa imechipua vidole vitatu. Alisimama nyuma ya uzio, akaokota kokoto, akatupa, tukasikiliza.

Jumamosi ijayo tunarudia yale matano yaliyooza. Vipande tayari vipo kivulini.